Mawe ya Arches yanavyowalisha wafanyabiashara wa Moab

ENEO linalopata mvua isiyozidi milimita 250 kwa mwaka halimpi mkulima matumaini makubwa. John Wesley Wolfe, aliyehamia jangwa la Utah nchini Marekani mwaka 1898, alifuga ng'ombe kando ya kijito hadi mwaka 1910, akaondoka na familia yake. Kibanda cha magogo walichokiacha ndipo inapoanzia sasa njia ya miguu iendayo Delicate Arch, tao la jiwe lenye kimo cha meta 16, katika Hifadhi ya Taifa ya Arches.

Hifadhi hiyo ina matao zaidi ya 2,000. Chini ya mwamba kuna tabaka nene la chumvi. Iliposogea, mwamba ulipasuka, kisha maji na barafu vikazidi kuzimega nyufa. Kazi hiyo haijakoma. Mwaka 2008 tao la Wall Arch lilianguka.

Ndani ya hifadhi hakuna hoteli, mgahawa wala kituo cha mafuta. Mgeni anayekwenda Delicate Arch hutembea karibu kilomita 5 kwenda na kurudi, bila kivuli, na hushauriwa kubeba angalau lita 2 za maji. Chakula, malazi na mafuta atavipata Moab, mji ulio kilomita 8 hivi kutoka langoni. Mji huo ulistawi kwa urani miaka ya 1950. Siku hizi unategemea zaidi wageni.

Tatizo ni kwamba mwenye duka hana ufunguo wa lango. Oktoba 2013, serikali kuu ilipokwama kwenye bajeti, hifadhi zilifungwa. Jimbo la Utah lililipa dola milioni 1.67 ili maeneo 8, Arches likiwamo, yafunguliwe kwa siku 10. Hazikutolewa kwa kupenda mandhari tu. Biashara za jirani zilikuwa zinakauka.

Wageni wakizidi nao ni hasara. Pembeni mwa njia kuna ganda jeusi la udongo lililojaa viumbe hai wadogo. Ganda hilo huzuia mchanga usipeperushwe, hutunza maji na kuongeza naitrojeni, ambayo mkulima huinunua kwenye mfuko wa mbolea. Hatua moja ya buti hulivunja, na kupona kwake huchukua miaka mingi. Ndiyo maana mgeni huagizwa akanyage njia iliyochongwa, mwamba mtupu au mkondo mkavu wa maji, basi.