Ndege isiyo na mkia: Si ile ya karatasi pekee

Pita katika vichochoro vya Kawangware watoto wakitoka shule na hutakosa kuona eropleni ya karatasi ikikatiza juu ya vichwa. (Ukurasa umeng'olewa katika daftari lipi, hayo waachie wazazi.) Itazame vizuri, msomaji. Mabawa yake yameelekea nyuma, lakini mkia haina. Ndege zinazotua Wilson, ng'ambo ya Kibera, zina mikia. Je, hii huelea vipi?

Ikiangukia pua, mtoto huikunja kidogo ukingo wa nyuma uangalie juu, kisha huirusha tena. Mara hii hufika mlangoni kwa jirani.

Siri hiyo ilimhangaisha John William Dunne, mwanajeshi wa Uingereza aliyepigana vita vya Makaburu huko Afrika Kusini. Enzi hizo ndege zilipinduka kwa upepo mdogo tu na marubani wakafa ovyo. Dunne alitaka ndege itakayojisawazisha yenyewe. Mnamo 1907 jeshi lilimpeleka Blair Atholl, milimani Scotland, afanye majaribio kwa siri. Chombo cha kwanza, kisicho na injini, kilielea sekunde 8 tu kikaanguka. Ilipofika 1909, serikali ikachoka, ikafunga mfuko.

Marafiki wakamchangia. Kampuni ya Short Brothers, ile ile iliyokuja kuunda ndege za majini zilizotua Kisumu miaka ya 1930, ikamjengea D.5. Ilikuwa na mabawa ya ghorofa mbili yaliyorudi nyuma kama mshale, na injini nyuma ya rubani. Ncha za mabawa zilipindwa zisiukabili upepo sawa na sehemu ya katikati. Pua ikizama, ncha hizo zilisukumwa chini na upepo, pua ikainuka. Kwa ufupi, ncha zilifanya kazi ya mkia.

Tarehe 20 Desemba 1910, huko Eastchurch, Dunne aliirusha mbele ya mashahidi. Mmoja wao alikuwa Orville Wright, ambaye pamoja na nduguye walitangulia wote kurusha ndege yenye injini. Ikiwa angani, Dunne aliachilia usukani, akatoa karatasi na kuanza kuandika! Mnamo 1913, rubani Mfaransa aitwaye Felix alivuka bahari hadi Ufaransa kwa D.8, ndege iliyotokana na hiyo. Huko alionyesha maajabu: aliiacha ijiendeshe, akatoka na kutembea juu ya bawa.

Lakini wema wake uliiponza. Ndege inayokataa kupinduka hukataa pia kugeuka upesi, na wanajeshi walitaka ya kugeuka upesi. Dunne naye, ambaye hakuwa na afya tangu vitani, aliacha kazi ya ndege akageukia vitabu. Alifariki 1949.

Jumapili ya leo, chukua karatasi kuukuu, wala si daftari la mtoto. Irushe kwanza ikiwa bapa. Halafu kunja ukingo wa nyuma kidogo, uiachilie tena.