Je, Wajua? Kinundu Chekundu cha Jicho la Mbwa Hakikatwi

Je, wajua kwamba mbwa ana kope tatu katika kila jicho? Ya tatu hujificha kwenye kona ya ndani, upande wa pua, na ina tezi inayotoa takribani theluthi ya machozi ya jicho, pengine zaidi. Kwa watoto wa mbwa, hasa buldogi, Beagle na Cocker Spaniel, tishu zinazoishikilia zikilegea, tezi huchomoza kama kinundu chekundu. Jicho la pili linaweza kufuata.

Ukikaa Kariakoo au Gerezani jijini Dar es Salaam, rahisi ni kukimbilia duka la dawa za mifugo. Matone hupunguza uvimbe, lakini mara nyingi hayairudishi tezi mahali pake. Yenye steroidi ni hatari kabisa: jicho likiwa na kidonda, linaweza kutoboka.

Usikubali tezi ikatwe! Zamani hata madaktari waliikata. Machozi yakipungua jicho hukauka, linatoa ute mzito, linauma, na mbwa anaweza kupofuka, wakati mwingine miaka mingi baadaye. Siku hizi mbwa hupewa nusukaputi, daktari akashona kijimfuko ndani ya kope na kuirudisha tezi humo. Ikichomoza tena, upasuaji hurudiwa.

Hiyo ni kazi ya daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Ukisubiri zamu, mvalishe mbwa kola pana asijikune, na usafishe jicho kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.