Gari la Chama Linapokataa Kuwaka Asubuhi

Dereva anapomwarifu katibu kwamba gari limekataa kuwaka, kitu cha kwanza kulaumiwa huwa ni betri, na cha pili ni kabureta. Vyote viwili ni ghali, na mara nyingi ubovu haumo humo. Fedha ya wanachama hutumika, mbolea hubaki ghalani, na baada ya muda mfupi gari hugoma tena.

Injini ya petroli yenye kabureta huhitaji izungushwe kwa nguvu ya kutosha, ipate cheche kali kwa wakati wake, na ipate petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi. Inafaa ijulikane kwanza ni lipi lililopungua. Mfano mwema ni Land Rover Series III ya petroli, yenye silinda nne na ujazo wa lita 2.25, iliyotengenezwa tangu 1971 hadi 1985.

Stata ikizunguka kivivu, vichwa vya betri vitazamwe. Unga mweupe huondolewa kwa maji ya moto, kisha nyaya zikazwe. Stata ikizunguka vema, betri haina hatia. Kuendelea kuipiga ni kuimaliza bure.

Hapo plagi ifunguliwe. Hatua hii hurukwa na madereva wengi, ingawa plagi moja husema kweli kuliko mabishano ya asubuhi nzima. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Gari likikaa wiki kadhaa bila kutumika, petroli iliyomo ndani ya kabureta hugeuka mvuke ikaisha. Mkono mdogo ulio kwenye pampu huipandisha tena bila kuichosha betri. Kikombe cha kioo cha pampu nacho kikaguliwe, hasa pale chama kinapoweka petroli katika mapipa, kwa kuwa maji hutuama chini yake.

Plagi ikiwa imelowa, petroli imezidi au cheche haipo. Choki irudishwe ndani, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho bila kuachiwa, na stata ipigwe kwa sekunde zisizozidi kumi. Isipowaka, plagi irudishwe kwenye waya wake na chuma chake kigusishwe injini, mbali na petroli iliyomwagika, huku injini ikizungushwa. Cheche njema ni ya buluu na yenye mlio. Ile nyekundu na hafifu huelekeza kwenye pointi, yaani vile vipande viwili vinavyokata umeme ndani ya distribyuta.

Pointi ndizo chanzo cha kesi nyingi. Nafasi yake hupungua polepole kadiri zinavyolika, hivyo gari huwa gumu kuwaka siku hadi siku, na hakuna anayeshtuka mpaka ligome kabisa. Nafasi inayotakiwa ni milimita 0.35 hadi 0.40, ya plagi ni 0.75 hadi 0.80. Pointi mpya zikiungua upesi, kondensa ibadilishwe pia. Wakati wa masika, kifuniko cha distribyuta kikaushwe kwa kitambaa kabla ya kulaumu chochote.

Gari linalowaka asubuhi lakini likagoma mchana baada ya kusimama kidogo lina shida nyingine: petroli imechemka ndani ya bomba. Boneti ifunguliwe, kitambaa chenye maji kiwekwe juu ya bomba, na dereva asubiri.

Fundi akileta ankra ya kabureta mpya, katibu aombe kwanza plagi zote nne ziwekwe mezani, na pointi za zamani pamoja nazo.