Pengwini na Muhanga

Watoto, leo tulinganishe ndege wa baharini na nyama wa porini. Sura zao hazifanani hata kidogo. Lakini wote wawili huchimba nyumba katika udongo.

Pengwini wa Afrika hukaa pwani ya Afrika ya Kusini na ya Namibia. Mgongo wake ni mweusi, tumbo lake jeupe. Yeye ni ndege, lakini hawezi kuruka. Mabawa yake ni kama makasia: huogelea nayo upesi na kukamata samaki wadogo.

Muhanga tunaye hapa Kongo. Masikio yake ni marefu, na pua yake pia. Mchana hulala shimoni. Usiku hutoka, hubomoa kichuguu kwa makucha yake yenye nguvu, na kulamba mchwa kwa ulimi mrefu wenye kunata.

Muhanga huzaa mtoto mmoja na kumnyonyesha. Pengwini hutaga mayai, mara nyingi mawili. Baba na mama huyalalia kwa zamu, siku 40 hivi.

Nyumba ya muhanga huwafaa wengine pia. Akiihama, ngiri ao nungunungu huingia humo.

Na nyumba ya pengwini je? Zamani, visiwani, mavi ya ndege yalirundikana miaka mingi hata yakawa marefu kama udongo. Pengwini walichimba humo. Ndani mlikuwa na kivuli, na mayai yalikuwa salama. Lakini mavi hayo ni mbolea nzuri. Toka mwaka 1843 hata 1845 merikebu nyingi za Ulaya zilikwenda kisiwa cha Ichaboe, Namibia, kuyachukua. Watu waliyakomba hata mwamba ukabaki wazi.

Tangu hapo pengwini wengi hutaga juani. Joto likizidi, mzazi hukimbilia majini, na shakwe huja kula mayai. Tena samaki wamepungua. Mwaka 2024 pengwini huyo alihesabiwa kati ya wale walio karibu kabisa kutoweka. Siku hizi watu wanawatengenezea vijumba vya kutagia.

Basi, ukiona shimo porini, usilizibe kwa mchezo. Huenda ni nyumba ya mwenyewe.

Maulizo:
1. Pengwini na muhanga wanafanana kwa jambo gani?
2. Nani huingia katika shimo la muhanga akilihama?
3. Kwa nini pengwini wengi walikosa nyumba?