Fundi wa Kompyuta na Haki za Nyumbani Kwao

Katika nyumba za Waislamu wa Ngara na Biharamulo hivi leo si ajabu kumkuta mzazi ambaye mwanawe, wa kiume au wa kike, anafanya kazi ya kompyuta mbali na nyumbani. Mmoja yuko Dar es Salaam akilinda mitambo ya benki isizimike. Mwingine yuko Mwanza akiwaandikia programu watu wa ng'ambo asiopata kuwaona kwa macho. Wa tatu yuko Nairobi. Wazee hawaielewi vizuri kazi yenyewe, wala hatuwalaumu, kwani si kazi ya kuonekana kama useremala au kilimo cha migomba. Wanalolijua ni kwamba mtoto huyu ana jamaa wengine huko aliko, watu wa kazi yake, na kwamba kila litokeapo jambo nyumbani, likiwa ni la kuzaliwa, la kuozana au la kufa, yeye hayupo.

Malalamiko haya yametufikia mara nyingi, chuoni na barazani baada ya Isha, nasi tumeona yafaa kuyaandika, kwani kila upande una haki yake na kila upande una la kuambiwa.

Kwanza tuwatendee haki vijana. Mitambo ya kompyuta haijui Ijumaa wala Idi. Mtambo wa kutuma pesa kwa simu ukisimama saa nane za usiku, mgonjwa hospitalini hawezi kulipiwa dawa, na msafiri aliyekwama Nyakanazi hapati nauli. Basi lazima awepo mtu wa zamu wa kuamshwa. Na wale wanaofanya kazi na watu wa mbali wana mtihani wa saa. Mtu wa San Francisco, Marekani, akifungua ofisi saa tatu za asubuhi, kwetu huwa ni saa moja au saa mbili za usiku, kwa kufuata majira yao. Huku kwetu magharibi ya nchi jua huchwa kiasi cha nusu saa baada ya Dar es Salaam, kwa hiyo mkutano wa saa moja humwangukia kijana aliyekuja likizo Ngara katika Magharibi khasa. Mama ameita watu chakula, baba amekwisha kimu, na mtoto yumo chumbani anazungumza Kiingereza na ukuta. Mgeni asiyejua hudhani ana wazimu.

Tena kazi hii haisomwi mara moja ikaisha. Fundi wa kompyuta husoma kila mwaka, na husoma kwa wenzake: huonyeshana kazi, hukosoana, hukutana. Mwezi wa Novemba 2023 walikutana Unguja mafundi kutoka nchi nyingi za Afrika katika mkutano wao uitwao DjangoCon Africa. Mzazi akisikia mwanawe amekwenda Unguja mkutanoni na hakuja kwenye harusi ya mdogo wake, hukasirika na kusema amekwenda kutembea. Lakini katika mikutano hiyo mtu hupata elimu, na hupata kujulikana, na kwa kujulikana hupata kazi. Kumwambia aiache ni kama kumwambia fundi wa nyumba auze pima maji yake.

Hayo ndiyo ya upande wao. Sasa twende upande wa pili, ambao ndio mzito zaidi.

Zamani aliyekuwa mbali alikuwa na udhuru ulio wazi. Khabari ya msiba ilisomwa katika matangazo ya vifo ya Redio Tanzania, au ililetwa kwa barua, na ilipomfikia mwenyewe maiti alikuwa amekwisha zikwa na matanga yamekwisha ondolewa. Leo khabari hufika kwa dakika moja. Udhuru umeondoka, lakini barabara haikufupika: kutoka Dar es Salaam hata Ngara ni zaidi ya kilomita 1,200, kupitia Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi na Lusahunga. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya miaka mingi ya kulazimika kulala njiani, na mwenye uwezo aweza kuruka kwa ndege hata Mwanza au Chato. Hata hivyo asiye na uwezo huo ahesabu mchana na usiku barabarani.

Hapo ndipo ilipoingia hila ya simu. Kutuma pesa kwa simu kulianza Kenya kwa M-Pesa mwaka 2007, na kwetu Tanzania mwaka 2008, na ni neema kubwa, wala hatuikanushi. Lakini imezaa desturi mpya: kijana akisikia kuna akika, hutuma pesa ya mbuzi, akisikia kuna harusi, hutuma mchango, akisikia baba ni mgonjwa, hutuma pesa ya dawa, kisha hujiona amekwisha fika. Na ajabu ni kwamba huenda yeye mwenyewe ndiye mmoja wa mafundi wa mtambo huo. Sisi wa nyumbani pia tumo katika kosa hili. Tumekwisha wazoesha kwamba mtu akituma amekuja, na asipotuma, hata akiwa amekaa ukumbini mbele yetu, twamwuliza mchango wake uko wapi.

Tutazame sheria ya serikali imempa nini mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimwekea mama aliyejifungua siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja, na muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku arudipo kazini. Baba iliwekewa siku 3 tu, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu kuzaliwa mtoto. Aliye Nairobi ana nafuu, kwani sheria ya Kenya ya mwaka 2007 humpa baba wiki mbili. Fanyeni hesabu ya siku 3 kwa mtu ambaye mkewe amejifungulia Rulenge naye yuko Dar es Salaam: mchana na usiku wa kuja, mchana na usiku wa kurudi, na kilichobaki katikati ni mchana mmoja wa kumbeba mtoto.

Kwa msiba, sheria hiyo ilimwekea siku 4 zenye malipo akifiwa na mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa naye, au akifiwa au kuuguliwa na mtoto wake. Soma orodha hiyo mara mbili. Hamna humo mjomba wala shangazi, wala baba mdogo aliyekulea. Na zaidi ya hayo, mzazi akifa ziko siku, lakini mzazi akiugua hazipo. Kwa hiyo mtoto ambaye hutegemea ruhusa hizo peke yake hupangiwa, bila ya mtu yeyote kukusudia, kumwona baba yake akiwa ameshavikwa sanda.

Hili ndilo lililotufanya tuishike kalamu. Twaona vijana wengi huzitumia siku zao chache kinyume. Hukimbilia mazishini, safari ya mchana na usiku, wakafika kaburi limekwisha fukiwa. Na kwa mgonjwa aliyekaa kitandani miezi mitatu hawakuja hata mara moja, ati kazi imezidi. Sheria yetu ya Kiislamu imeyapanga mambo haya vingine kabisa. Yapo ambayo imeyaachia nafasi, na yapo ambayo haikuyaachia, na mwenye kuujua mpango huo hatapoteza siku zake.

Tuanze na akika. Ni sunna siku ya saba: mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike. Lakini ikipita siku ya saba haikupotea. Wanavyuoni wametaja ya kumi na nne na ya ishirini na moja, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi nafasi ya mlezi huendelea mpaka mtoto abaleghe. Jina aweza kulitangaza babu. Adhana sikioni yatosha kuadhiniwa na yeyote mwema aliyepo. Hapana haja ya kumwekea mtoto simu sikioni ati asikie sauti ya baba yake kutoka Dar es Salaam, kama tulivyosikia imefanywa. Basi baba mwenye siku 3 azitumie kwa mzazi aliyetoka uchunguni, amhudumie na ampumzishe, na mbuzi wangoje likizo yake ya mwaka, ambayo kwa sheria ile ile ni siku 28.

Mazishi nayo yameamrishwa yafanywe haraka. Haifai maiti awekwe siku mbili akimngoja msafiri, wala ndugu wasimpigie simu fundi wetu kumwambia kwamba wamemsimamishia kaburi. Aliye mbali amewekewa njia: atamsalia maiti wake Sala ya ghaibu huko aliko, kama Mtume (S.A.W.) alivyomsalia Najashi, mfalme wa Habasha, naye yuko Madina. Rambirambi mpaka wake ni siku tatu, isipokuwa kwa aliyekuwa safarini. Yeye hata akija baada ya mwezi hupokewa na kuliwazwa. Na liko jambo ambalo fundi wa kompyuta aweza kulifanya vizuri kuliko sisi sote, nalo ni kuyaandika madeni ya marehemu na wasia wake, yalipwe kabla urithi haujagawanywa.

Ama mzazi mgonjwa, huyo hana badala. Mtu mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka ruhusa ya kwenda vitani, akaulizwa kama wazazi wake wako hai, naye alipojibu kwamba wako, aliambiwa jihadi yake iko kwao. Basi ikiwa vita vya dini vilisamehewa kwa ajili ya wazee wawili, zamu ya mtambo ni kitu gani? Kijana azigawe siku zake 28 mwanzoni mwa mwaka, na sehemu kubwa ziwe za walio hai. Kisha, kwa kuwa kazi yake mara nyingi yaweza kufanywa popote penye umeme na intaneti, aombe kukaa Biharamulo wiki mbili akifanya kazi huku akimuuguza mama. Aombe kwa maandishi, na mapema. Wengi hawajaomba hata mara moja, hudhani tu kwamba watakataliwa.

Labda atasema, watu wa kazi yake hawatamwelewa. Tumpe mfano wa mkubwa wao. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, programu ambayo huendesha sehemu kubwa ya mitambo ya dunia, mwaka 2018 alikuwa amepanga safari na familia yake huko Uskoti, na tarehe zikagongana na mkutano wa wakuu wa kazi hiyo uliokuwa ufanyike Vancouver, Kanada. Wenzake wakauhamishia mkutano Edinburgh, kule kule alikokuwa. Na mwaka huo huo alipopumzika kwa muda, kazi ya kutoa toleo la 4.19 ilishikwa na mwenzake Greg Kroah-Hartman, na dunia haikuzimika. Na Michael Widenius wa Finland programu zake mbili za kuhifadhi khabari, MySQL na MariaDB, ameziita kwa majina ya binti zake, My na Maria. (Hatusemi mtu wa Ngara amwite mtoto wake kwa jina la programu.) Yaani watu hao nao wana nyumba, na wanazijua.

Kijana atajibu kwamba yeye si Torvalds, na mkutano hautahamishwa kwa ajili yake. Ni kweli. Lakini jambo moja liko mkononi mwake: aiandike kazi yake hata mwenzake aweze kuishika. Fundi ambaye siri ya mtambo iko kichwani mwake peke yake hujiona ana cheo, kumbe amejifunga mwenyewe. Abadilishane zamu, awashikie Wakristo siku ya Krismasi, nao wamshikie Idi na siku ya akika.

Binti zetu walio katika kazi hii wana neno lao pia. Qurani, katika Suratul Baqara, imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, na imetaja kwamba kuachisha kabla ya hapo kuwe kwa kuridhiana na kushauriana wazazi wawili. Kushauriana huko ndiko tunakokuona kukikosekana: siku 84 zikiisha mke hurudi ofisini, mtoto hupelekwa kwa bibi yake Biharamulo, na mume husema hakuulizwa; au mume huamua peke yake na mke huacha kazi aliyoisomea miaka minne. Wakae waulizane kabla mimba haijawa kubwa.

Limebaki la ndoa, ambalo kila mwaka huleta ugomvi. Vijana hutuuliza kama yafaa kuoa kwa simu ya picha, bwana harusi yuko ng'ambo kwa kazi, na walii na mashahidi wako Ngara. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lililokutana Jidda mwaka 1990 liliruhusu mikataba ya biashara kwa vyombo hivi vya kisasa, lakini ndoa ililitoa katika hukumu hiyo kwa sababu ya sharti la mashahidi. Wala hapana dhiki, kwani wakala upo: bwana harusi humweka mtu mwaminifu akakubali ndoa kwa ajili yake, naye hutaja wazi kwamba amkubalia fulani bin fulani, mbele ya walii na mashahidi wawili wanaosikia. Barua ya wakala itaje jina la mume na la baba yake, jina la mke na la baba yake, mahari, na jina la wakili; nayo ifike kwa shehe angalau wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia harusi kwa ujumbe wa simu usiojulikana nani ameuandika. Na wazee, kabla hamjaipanga tarehe, mwulizeni zamu yake inaisha lini.