Madondo, Njugu na Gololi ya Kifuani

Jioni ikiingia Batsinda, hapa Kigali, karibu kila ploti ina sufuria ya madondo kwa makaa. Mtaa wenyewe si wa jana: mafamilia yalihamishwa kutoka Kiyovu karibu 2008, yakaletwa huku Gasabo kwa keja za bei nafuu, na dishi likabaki lile lile. Ibishyimbo (ndio hayo madondo), dodo (mchicha), isombe (kisamvu) imeshikana na unga wa njugu. Lakini manze, siku hizi kuna madem wanaona haya kumanga hiyo kitu mbele ya mbogi. Wanataka chipo, brosheti na chupa ya baridi. Hapo ndio nakataa, na sababu yangu iko kifuani.

Dem wa miaka kama 19 anaoga, anashika kitu kwa titi. Ni ka-gololi, duara, hakaumi, ukikasukuma kanateleza chini ya kidole. Anajifungia kejani, ashaanza kujizika. Kwa umri huo, mara nyingi hiyo ni fibroadenoma, uvimbe usio kansa. Lakini si vimbe zote ni sawa. Kuna zingine zisizo kansa ambazo zinapandisha hatari ya kansa ukiwa mkubwa, ndio maana wanasayansi wanazifuatilia.

Huko Marekani walifuata wasichana zaidi ya 9,000, waliokuwa na miaka 9 hadi 15 mwaka 1996, wakawacheki hadi wakawa wanawake vijana. Matokeo ya 2013: waliokula njugu au siagi ya njugu mara 2 kwa wiki walipata hizo shida za matiti zisizo kansa asilimia 39 chini ya wale hawakugusa. Maharagwe na dengu pia zilionyesha dalili nzuri. Hiyo haifanyi njugu kuwa chanjo, ju kufuata watu miaka si sawa na kuwajaribishia dawa. Lakini kwa bei ya kikombe cha njugu sokoni, mimi siwezi ngoja ushahidi zaidi.

Sasa tei. Hapa sibembelezi mtu. Kwa hao hao wasichana, ripoti ya 2010 ilisema waliokunywa siku 6 au 7 kwa wiki walikuwa na hatari ya shida hizo hizo mara 5 na nusu ya wale hawanywi ama wanakunywa chini ya mara moja kwa wiki. Siku 3 hadi 5, mara 3. Matiti ya dem wa sekondari bado yanajijenga, seli zinagawanyika mbio, na pombe inazikuta hapo hapo. Kwa hivyo msee akikuletea urwagwa (pombe ya ndizi) ama bia ukiwa na miaka 16, akisema ni ya kuchangamka tu, mwambie abebe yake.

Kahawa? Wengi huilaumu kwa hizi vimbe, lakini ushahidi wake ni mwembamba. Kunywa.

Na kama tayari umeshika kitu, hakuna madondo, juisi wala majani ya mtu wa mtandaoni yatakayokiyeyusha. Jicheki siku chache baada ya periodi kuisha, ju kabla yake titi hujaa na kuuma bure. Uvimbe ukibaki, ama chuchu itoe damu, ama ngozi ivutwe ndani, beba mutuelle yako (bima ya afya) uende kituo cha afya cha Kagugu, hapo karibu. Wakiona inafaa, watakuandikia transfa ya hospitali ya Kibagabaga. Sis, enda wiki hii, na umbebe rafiki anayeogopa.