Sura ya Sita: Mbwa Jikoni na Mkono Unaomlipa

Mbwa anayezengea jikoni huhukumiwa upesi kuliko mnyama mwingine yeyote wa nyumbani, kwani akidokoa kipande cha nyama mara moja huitwa mwizi, akirudia huitwa jeuri, na akizidi kurudia wenye nyumba huamua kwamba anafanya makusudi ili kumkomoa mpishi. Majina hayo yanamvika mbwa nia za kibinadamu, na tiba zake nazo hufuata kosa hilohilo: fimbo, maji ya moto, au pilipili inayopakwa puani. Ieleweke wazi kwamba pilipili haimfundishi mbwa adabu, kama vile isivyomfanya kuwa mkali anapolishwa kwa imani hiyo. Inachofanya ni kuunguza utando laini wa pua na tumbo, na mateso hayo hayana kisingizio.

Dhana inayong'ang'aniwa zaidi ni ile ya sura ya hatia, yaani masikio yaliyolala, mkia uliobanwa na macho yanayokwepa, ambayo wafugaji huichukua kuwa ungamo. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alichapisha jaribio lake kwa mbwa 14, ambapo mwenye mbwa alimkataza kula kipande cha chakula, akatoka chumbani, kisha akarudi na kuambiwa kama mbwa wake alitii au la, ilhali mara nyingine aliloambiwa halikuwa kweli. Sura ile ilijitokeza zaidi mbwa alipokaripiwa, awe amekula au hajala, na mbwa waliotii wakakaripiwa bure ndio walioionyesha kwa nguvu zaidi. Kinachosomwa usoni mwa mbwa, basi, ni jinsi anavyopokea hasira ya bwana wake, wala si kumbukumbu ya kosa.

Fasheni ya kudai kwamba mbwa hupigania ukubwa wa nyumba haina msingi ulio bora. Chimbuko lake ni uchunguzi wa Rudolph Schenkel, uliochapishwa mwaka 1947, kuhusu mbwa mwitu wa Ulaya waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama, na David Mech, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kiliieneza dhana hiyo, alieleza mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni wazazi na watoto wao tu.

Marekebisho ya tabia ya jikoni yana sehemu tatu: mazingira, malipo na ishara. Kuhusu mazingira hakuna mengi ya kueleza, kwa kuwa sufuria iliyofunikwa na kuinuliwa juu haidokolewi, na ndoo ya takataka yenye mfuniko haipinduliwi ovyo.

Malipo ndiyo kiini, nayo huitwa kitaalamu uimarishaji, maana yake ni kwamba tendo linalofuatwa na faida huelekea kurudiwa. Achukuliwe mpishi aliyeketi kwenye kigoda uani akipaa samaki, magamba yakimrukia mikononi, huku mbwa akiwa hatua moja nyuma yake, kimya, macho yakifuata kisu. Siku ya kwanza anamfukuza, ya pili anamfukuza, ya tatu anachoshwa na macho yale na kumtupia matumbo ya samaki. Mpishi huamini kwamba amemfukuza mara nyingi na kumpa mara moja tu, kwa hiyo fundisho linapaswa kuwa la kufukuzwa. Lakini majaribio ya B. F. Skinner na wenzake kwa panya na njiwa yalionyesha kwamba malipo yanayokuja kwa nadra na bila kutabirika hujenga tabia sugu kuliko yanayokuja kila mara, kwa sababu mnyama aliyezoea kukosa hakatishwi tamaa na kukosa tena. Mpishi yule hakumfukuza mbwa, bali alimfundisha subira. Ugumu hauishii hapo, kwani malipo yakikatwa kabisa tabia huzidi kwanza kabla ya kufifia, mbwa akalia, akaparua mlango na kusukuma kiwiko cha mpishi kwa pua. Na wengi hushindwa wakati huohuo, wakatoa kipande kimoja ili wapate amani, wakawa wamelipia kelele zilizo kubwa kuliko zile walizotaka kuzimaliza.

Kwa hiyo malipo hayakatwi tu, bali huhamishwa. Gunia au mkeka hutandikwa nje ya kizingiti, na kila tonge huwekwa pale, ndani ya sekunde moja au mbili baada ya mbwa kulala, na halirushwi kamwe kutoka jikoni. Muda wa kusubiri huongezwa kidogo kidogo, kuanzia sekunde tatu hadi wali uive. Utaratibu huu unafaa hata katika nyumba za Waislamu wa pwani wanaofuata madhehebu ya Shafii, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kwa kuwa mbwa hafundishwi kuingia jikoni hata kwa hatua moja. Tonge lenyewe liwe nyama au dagaa wasiotiwa viungo, kwani vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa hata vikiwa vimepikwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha.

Ishara huja mwisho, nayo ni neno moja linalotamkwa na watu wote wa nyumba kwa namna ileile, pale tu mbwa anapokuwa tayari amezoea gunia. Mara nyingi hata neno hilo huachwa baada ya wiki chache, kwa kuwa mlio wa mfuniko wa sufuria, ambao zamani ulimvuta mbwa hadi mekoni, huwa ndio unaompeleka kulala kwenye gunia lake.